Shangazi, si zote kompyuta

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu haitulii. Juzi ilikuwa zamu ya shangazi: "Mwanangu, huyu mdogo wako anapenda kompyuta. Mchagulie kozi yoyote, si zote kompyuta?" Nikamuuliza anapenda kufanya nini hasa. "Anaflashi simu za mtaa mzima."

Ya udahili nayamaliza haraka. Mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, unataka prinsipo mbili (masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 au zaidi (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1), halafu kila kozi ina masharti yake, hasa kwenye hesabu. Kozi isiyomo kwenye mwongozo, achana nayo. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, kivyake.

Kinachonikera ni ugomvi wa majina. Watu wanabishania Sayansi ya Kompyuta na Teknolojia ya Habari kama Simba na Yanga. Unaweza kukuta vyuo viwili, kozi jina moja: huku kuna miundo ya data, mifumo endeshi, kanzidata (hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta) na mradi wa mwisho wa kutoa jasho; kule ni ujasiriamali, uongozi na "utangulizi wa" kila kitu. Kwa hiyo omba orodha ya masomo, muhula kwa muhula. Kisha nenda chuoni siku ya kazi, uchungulie maabara: mashine ngapi zinawaka? Mtafute wa mwaka wa tatu, mwambie akuonyeshe programu aliyoandika mwenyewe. Akianza na GPA yake, yaani wastani wa alama zake, mshukuru uondoke.

Mwaka jana nilikuwa na vijana wawili wa fildi. Fomu ya wateja ilikuwa inameza sifuri: unaingiza 0754, inatoka 754, ujumbe hauendi. Mmoja, wa chuo chenye jina kubwa, akawa anarudishia sifuri kwa mkono, mteja mmoja mmoja, mpaka saa ya chakula. Mwenzake akafungua kanzidata, akakuta safu ya simu imewekwa kama namba. Namba haitunzi sifuri ya mbele. Akaigeuza iwe maandishi, akarudisha sifuri zilizopotea kwa amri moja. Aina za data hizo, mambo ya muhula wa kwanza ambayo wengi huyasinzia.

Shida ni kwamba huyo wa pili alikuwa wa diploma. Hapo mahubiri yangu ya digrii yanayumba kidogo. Hata hesabu: nawahimiza wote waikaze, lakini kalkulasi mwenyewe sijaigusa tangu nitoke kwenye mtihani. Mantiki na seti, ndiyo, kila siku, ingawa pengine hata hizo ningezipatia kazini.

Basi shangazi, mdogo wangu aje Jumamosi na orodha za masomo za vyuo vitatu anavyovitaka. Na simu yangu asiiguse.