Sili ya turbo si mpira

Gari la turbo, ile feni inayozungushwa na ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini, likianza kutoa moshi, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: "Sili ya turbo imekufa." Mwenye Subaru Forester anatafuta turbo nyingine ya mtumba, anafungiwa, na moshi uko palepale. Siku hizi hukumu hiyo inatolewa hata kwa moshi mweusi, ambao ni petroli iliyozidi, na kwa mweupe mzito wenye harufu tamu, ambao ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayoingia kwenye silinda. Na ule mpulizo mweusi unaotoka ukibadili gia, baada ya kufunga valvu inayomwaga hewa ya turbo nje kwa "pshhh"? Kompyuta ya Subaru ilishaipima hewa hiyo na kuipangia petroli, wewe ukaimwaga. Sili haimo.

Tubaki na moshi wa bluu, yaani oili inayoungua. Sili ya turbo ni ringi ndogo ya chuma kwenye shafti, moja kila upande, inayosaidia oili ya beringi isiingie kwenye hewa wala kwenye ekzosi. Basi.

Tatizo ni kwamba tukisikia "sili" tunaiona ile ya mpira, kama ya krenki, yenye mdomo unaobana shafti. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na injini ikikamuliwa, upande mmoja unapigwa na gesi ya nyuzi 800 na zaidi. Mpira ungeishi vipi hapo? Hii ni ndugu ya ringi ya pistoni: ina mwanya, na haikutengenezwa kuzuia oili iliyojaa. Kinachoizuia oili ni presha iliyo nje ya ringi, pamoja na oili yenyewe kuondoka haraka. Huingia kwa presha ya pampu kupitia bomba jembamba. Ikitoka ni povu, haina presha tena, inateremka kwa uzito wake tu. Ndiyo maana bomba la kurudishia ni nene vile.

Sasa njoo kwenye gari lililochezewa. Turbo kubwa imefungwa, bomba la kurudishia likapindwa ili likwepe ekzosi, na gasketi yake ikapakwa silikoni mpaka ikaziba nusu ya tundu. Kwingine buusti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, imepandishwa, gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni imeongezeka, lakini mpira wa kupumulia injini, unaoitoa gesi hiyo, ni uleule wa zamani, umejaa uchafu. Presha inapanda ndani ya injini, oili ya turbo inakosa pa kushukia, inapita kwenye ringi. Turbo isiyo na kasoro yoyote itatoa moshi hapo. Ukifunga mpya, nayo itatoa.

Halafu kuna lile onyesho la kushika ncha ya shafti na kuitikisa: "Si unaona inacheza?" Beringi za kawaida za turbo huelea juu ya oili, kwa hiyo injini ikiwa imezimwa, kucheza kidogo kwa pembeni ni haki yake. Cha kuogopa ni shafti kwenda mbele na nyuma, au feni kuwa na alama za kukwaruza ukuta.

Pengine turbo haihusiki kabisa. Buusti ya juu bila kurekebisha petroli na taimingi ya cheche huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na injini za Subaru za EJ zinalijua hilo vizuri. Fungua ekzosi umulike kwa tochi. Mabomba yanayotoka kwenye silinda yakiwa makavu, ya kijivu, lakini mdomo wa turbo umelowa oili nyeusi, oili inatokea kwenye turbo. Yakiwa yamelowa kabla hata ya kuifikia turbo, pima kompresheni, yaani presha ya silinda.

Fundi akisema sili imekufa, huna haja ya kubishana naye. Mwombe tu afungue bomba la kurudishia na mpira wa kupumulia, mtazame pamoja, kabla hujatuma hela ya turbo.