Umeme wa swichi na kishikio imara: maana ya kufunga GPS kwenye pikipiki

Kufunga GPS kwenye pikipiki ni kuipa vitu viwili: mahali pa kukaa bila kuchezacheza wala kukuziba macho, na umeme unaotoka kwenye betri ya pikipiki yenyewe. Wengi humalizia juhudi zao kwenye kile cha kwanza kwa sababu ndicho kinachoonekana. Cha pili kinajificha chini ya kiti na tangi, na matatizo makubwa hutokea huko: betri iliyokufa usiku, kifaa kinachojizima katikati ya mvua, waya uliochunika na kupata moto jirani na petroli. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye umeme.

Kwanza kifaa chenyewe. Kipokezi cha GPS hakitumi chochote angani, kinasikiliza tu. Setilaiti zinazunguka kwenye urefu wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi kikizisikia angalau nne kinaweza kukokotoa kilipo na kurekebisha saa yake papo hapo. Mawimbi hayo hufika chini yakiwa dhaifu mno, ndiyo maana kifaa kinataka anga wazi juu yake. Kioo cha mbele cha plastiki hakikisumbui. Bamba la chuma linakiziba. Intaneti nayo haihitajiki kwa kupokea. Inahitajika kwa ramani, kama hukuipakua mapema. Na kinachomaliza chaji ni skrini kuliko kitu kingine, kwa kuwa juani lazima iwake kwa mwanga wake wote ndipo isomeke. Simu iliyoamka na chaji kamili haifiki jioni ikifanya kazi hiyo. Haja ya waya inaanzia hapo.

Mahali pazuri pa kuifunga ni juu kidogo ya dashibodi, karibu na mstari wa macho yanapoangalia barabara, ili kuisoma kusikulazimishe kuinamisha kichwa. Mabomba mengi ya usukani yana kipenyo cha milimita 22, na yale manene hufika milimita 28.6 sehemu ya katikati. Kishikio kisicholingana na bomba kitazunguka siku ya kwanza ya barabara mbovu, hata ukikikaza vipi. Wengine hukifunga kwenye bolti za kubana kikombe cha mafuta ya breki au kwenye shina la kioo cha pembeni. Kabla ya kukaza kabisa, weka kifaa mahali pake, kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto, halafu hadi mwisho kulia. Angalia kama kinagusa tangi, kama kinaficha taa za tahadhari, kama bado unaufikia ufunguo, na kama hakuna waya wa klachi au mpira wa breki uliosukumwa pembeni. Ukaguzi huu hauchukui dakika mbili, na sioni sababu ya kuuruka.

Mtetemo ni adui wa kudumu. Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki unaofika kwenye simu kupitia usukani unaweza kuharibu sehemu za kamera zinazotuliza picha. Ukitumia simu, nunua kishikio chenye raba za kufyonza mtetemo, hasa kama pikipiki yako ni ya silinda moja. Vifaa vilivyoundwa kwa ajili ya pikipiki, kama Garmin zūmo na TomTom Rider, vinavumilia zaidi: havipitishi maji, skrini yake inakubali glovu, na umeme unaingia kupitia vigusio vya chuma kwenye kishikio badala ya tundu dogo la chaji. Tofauti hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana. Simu yako inaweza kuwa na daraja la IP67, yaani kustahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30, lakini ukishachomeka waya wa chaji na mvua ikanyesha, maji yanakaa kwenye vigusio vyenye umeme na kuvila.

Sasa umeme. Betri ya pikipiki nyingi ni ya volti 12. Ikiwa imejaa na imetulia husoma karibu 12.6, na injini ikiwaka mfumo wa chaji huipandisha kati ya 13.5 na 14.5. Simu na GPS nyingi zinataka volti 5. Katikati panahitajika kishusha volti, ambacho mara nyingi ndiyo soketi ya USB yenyewe. Chaja ya volti 5 inayotoa ampea 2 ni wati 10, hivyo kwenye betri itavuta karibu ampea 1. Injini ikiwaka, hicho ni kiasi kidogo. Injini ikiwa imezimwa, hesabu inabadilika, na mgawanyo wa umeme wa moja kwa moja na umeme wa swichi unaanza kuwa na maana.

Umeme wa moja kwa moja unatoka kwenye betri muda wote, ufunguo uwe umewashwa au umezimwa. Ni rahisi kuunga: nyaya mbili, basi. Tatizo ni kwamba hata pasipochomekwa kitu, kishusha volti kinaendelea kunyonya kidogo, na taa yake ndogo ya buluu nayo inanyonya. Chukua mfano wa milliampea 50. Kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, na kwa wiki moja ni 8.4. Betri nyingi za pikipiki ndogo hazifiki hapo zikiwa mpya. Pikipiki iliyoegeshwa wiki nzima haitawaka kwa stata, na mwenyewe atailaumu betri.

Umeme wa swichi unakuja ufunguo unapowashwa na kukatika unapozimwa. Huu ndio ninaoupendekeza kwa karibu kila mtu. Unaweza kuuchukua kwenye waya unaolisha honi au taa ya breki. Usiuchukue kwenye taa kubwa ya mbele bila kupima. Katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inalishwa na magneto, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, bila kupitia betri, na umeme wake ni wa kugeukageuka unaopanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta. Kishusha volti kilichotengenezwa kwa umeme wa betri kitaungua. Pima waya kwa mita ya umeme, ukiwa umeiweka kwenye upande wa kusoma umeme wa betri (DC): ufunguo ukiwa umezimwa isome sifuri, ukiwashwa isome volti 12 na kitu, na injini ikivutwa isipite sana 14.5. Waya ukitimiza hayo matatu, unafaa.

Njia safi zaidi ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Waya mwembamba wa swichi unafanya kazi ya kuiamsha rilei tu, na umeme wa kifaa unatoka moja kwa moja kwenye betri kupitia rilei hiyo. Rilei nyingi zimeandikwa namba zilezile: 30 inapokea umeme wa betri, 87 inaupeleka kwenye kifaa, 86 inaungwa kwenye waya wa swichi na 85 kwenye hasi. Faida yake ni kwamba nyaya za pikipiki hazibebi mzigo wa ziada. Katika pikipiki za kisasa ambazo kompyuta inachunguza umeme wa kila taa, kuunga kifaa kwenye waya wa taa kunaweza kuwasha onyo kwenye dashibodi au kufanya kompyuta ikate umeme. Hapo tafuta soketi au plagi ya vifaa vya ziada iliyowekwa kiwandani.

Fyuzi si ya hiari. Wengi hudhani inakilinda kifaa, kumbe inaulinda waya. Betri ndogo inaweza kumwaga ampea nyingi mno kwa sekunde chache. Waya mwembamba ukichunika na kugusa fremu, utakuwa mwekundu kwa joto kabla hujanusa moshi. Kwa mzigo wa ampea 1, fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha, na ikae karibu kabisa na chanya ya betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Unapofanya kazi yenyewe, fungua hasi kwanza na uirudishe mwisho. Spana ikiteleza kutoka kwenye chanya na kugusa fremu wakati hasi bado imefungwa, cheche zake zinatisha. Pikipiki kadhaa za kale za Uingereza zina chanya ndiyo inayofungwa kwenye fremu, nyingine zina betri ya volti 6. Mwenye nayo apime kabla ya kuunga chochote.

Waya upite chini ya tangi ukifuata nyaya za kiwandani, mbali na bomba la moshi na kichwa cha injini. Shingoni mwa usukani uache ulegevu. Hapo ndipo waya hukatikia mara nyingi: unajikunja kila unapopiga kona, shaba ndani inavunjika uzi mmoja mmoja huku ganda la nje likiwa zima. Dalili yake ni GPS inayopata chaji ukikata kushoto na kuikosa ukikata kulia.

Kifaa kikijizima unapobonyeza stata, usihangaike nacho. Stata inavuta umeme mwingi, volti zinaporomoka kwa muda mfupi hata kufika 10 au chini, na kishusha volti kinakosa pa kushusha. Washa injini kwanza, kisha kifaa.

Kuna shida moja ambayo watu huifuata kwenye ramani wakati iko kwenye chaja. Vishusha volti vya bei ya chini hutoa kelele za redio, na mawimbi ya GPS ambayo vifaa vingi husikiliza yako kwenye megahezi 1575.42, yakiwa hafifu kama nilivyosema. Mshale kwenye ramani unaruka barabara hadi barabara, au kifaa kinasema hakioni setilaiti chini ya anga jeupe. Simama mahali pa wazi, fungua ukurasa unaoonyesha setilaiti, kisha chomoa chaji. Zikiongezeka ndani ya dakika moja au mbili, badilisha chaja, au isogeze chini ya kiti na kukivutia kifaa waya mrefu.