Gordon Square si mraba

Nimekutana tena na tafsiri ya "mraba" kwa neno la Kiingereza square, safari hii katika makala ya Kiswahili kuhusu mchumi John Maynard Keynes: eti aliishi "kwenye Mraba wa Gordon". Msomaji asiyewahi kufika London hapati picha yoyote hapo.

Maana yenyewe ni fupi. Square ya London ni bustani iliyozungukwa na barabara, na nyumba zimepangwa pande zote zikiitazama. Bustani, barabara na nyumba, vyote hubeba jina moja.

Mkanganyiko unaanzia kwenye mizizi ya maneno. Mraba tumeupata kwa Waarabu, kutoka mzizi wenye maana ya nne, na ndugu zake tunao kila siku: robo, arobaini. Neno la Kiingereza nalo lilipitia Kifaransa cha kale likitokea Kilatini, na huko pia asili yake ni nne. Ndiyo maana mfasiri huyaona pacha. Lakini kila moja limekwenda njia yake. Sisi tumeuacha mraba kwenye maumbo na vipimo: kiwanja cha mita za mraba kadhaa. Waingereza walilifanya neno lao kuwa jina la mahali tangu karne ya 17, kabaila mmoja, Earl wa Southampton, alipoanzisha Bloomsbury Square katika ardhi yake miaka ya 1660. Tangu hapo umbo si hoja tena. Bustani ya Bedford Square, ya miaka ya 1770, ina umbo la yai!

Wengine huandika uwanja. Kwa Trafalgar Square sina ugomvi nao, maana pale ni sakafu ya mawe na watu hukusanyika. Gordon Square ni nyasi na miti mikubwa. Wala usikimbilie kusema bustani ya umma. Nyingi zilikuwa za wakazi tu, zenye uzio wa chuma na geti la kufuli, na ufunguo ulikaa kwa wenye nyumba. Bedford Square ingali hivyo. Gordon Square sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha London na mpita njia anaweza kuingia akakaa. Sheria ya mwaka 1931 inalinda bustani 461 za namna hii zisijengwe, zikiwemo za binafsi.

Nyumba ndizo zilizoleta majina makubwa. Mwandishi wa riwaya Virginia Woolf, kabla hajaolewa, alihamia namba 46 Gordon Square na ndugu zake mwaka 1904. Mwaka 1907 akaenda namba 29 Fitzroy Square, nyumba ambayo mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw aliwahi kuishi na mama yake. Keynes alishika namba 46 kuanzia 1916 hadi alipofariki mwaka 1946. Hatua chache kutoka hapo ipo SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi. Kwa hiyo mahali hapa si pageni kwa lugha yetu.

Basi, ndugu mfasiri, jina liache lilivyo, kisha litumie neno bustani, ambalo Waajemi waliliunda kwa maana ya mahali penye harufu nzuri. Andika tu: Keynes aliishi namba 46 Gordon Square, katika nyumba inayotazama bustani.