Sarakasi za kuhamahama: kutoka barabara za matope hadi reli

Sarakasi za mwanzo hazikuwa za kuhamahama. Philip Astley, askari wa zamani wa kikosi cha farasi, alipoanza maonyesho yake London mwaka 1768, watazamaji ndio waliomfuata. John Bill Ricketts alifungua sarakasi yake Philadelphia, Marekani, mwaka 1793, na Rais George Washington mwenyewe akaenda kutazama. Lakini Ricketts naye alitegemea majengo ya mbao. Ukishagharamia jengo, hufungi baada ya siku mbili. Unakaa, na kukaa kunataka mji wenye watu wengi. Vijiji viliambulia patupu.

Kilichofungua njia ni turubai. Mwaka 1825 Joshuah Purdy Brown alifanya maonyesho ndani ya hema huko Wilmington, Delaware. Hema linakunjwa, linapakiwa, na kesho yake kundi liko mji mwingine. Kwa maoni yangu, turubai hilo lina uzito kuliko simba na tembo wote waliokuja baadaye.

Safari zilikuwa za usiku, kwa magari ya kukokotwa na farasi, labda kilomita 15 hadi 30. Mvua ikinyesha, ni kusukumana kwenye tope mpaka alfajiri. Mtu mmoja alitangulia juu ya farasi. Akifika njia panda, alichomoa fito kwenye uzio wa shamba lililo karibu, akazilaza kukatiza njia isiyotakiwa, ili madereva wa nyuma, nusu wamesinzia, wasipotee. Tembo naye alitembezwa gizani, na sababu ilikuwa ya kibiashara tu: anayemwona bure barabarani halipi kiingilio.

Spalding na Rogers, wenye sarakasi, walijaribu reli mwaka 1856, ila mfumo ulioshika mizizi unahusishwa zaidi na William Cameron Coup, mshirika wa mfanyabiashara wa maonyesho P. T. Barnum, mwaka 1872. Mabehewa bapa yalipangwa mstari mmoja na nafasi kati yake zikazibwa kwa mabamba. Gari lilivutwa kwa kamba na farasi, likapandishwa kwenye mteremko wa mbao mwishoni mwa treni, kisha likabingirishwa juu ya mabehewa hadi mahali pake, huku mtu akishika mti wa mbele kuliongoza. Mpangilio haukuwa wa kubahatisha: magari ya jikoni yalitakiwa kushuka mapema, maana vibarua wa kupigilia vigingi hawafanyi kazi na njaa. Sasa kundi liliweza kuvuka kilomita 150 usiku mmoja na kuruka miji isiyolipa. Wabandika mabango walikuwa wameshapita wiki kadhaa kabla, wakiwalipa wenye kuta kwa tiketi za bure.

Reli ilikuwa na hatari zake. Septemba 15, 1885, tembo maarufu Jumbo, aliyekamatwa akiwa mdogo kaskazini-mashariki mwa Afrika, aligongwa na treni ya mizigo huko St. Thomas, Kanada, akipelekwa kwenye behewa lake baada ya maonyesho.

Sarakasi kubwa ya Ringling, ya Marekani, ilitandaza hema lake kwa mara ya mwisho Pittsburgh, Julai 16, 1956. Gharama zilikuwa zimeishinda, ikahamia kwenye kumbi za kudumu. Treni zake baadaye zilirudi kazini, na safari ya mwisho ilikuwa mwaka 2017.