Mionzi na zebaki Ziwa Victoria: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mionzi huletwa na migodi tu.
Matale (mawe ya graniti) ya Mwanza, lile jiwe la Bismarck likiwemo, yana urani, thoriamu na potasiamu-40, ambazo hutoa mionzi, tangu yalipopoa. Udongo wa kawaida duniani una wastani wa bekereli 400 hivi (bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde) za potasiamu-40 kwa kilo, na itale kwa kawaida hupita hapo. Hata kilo ya ndizi mbivu zilizomenywa ina bekereli 110 hivi. Kwa hiyo anayechota tope mdomoni mwa Mto Mirongo hatafuti kama mionzi ipo. Anatafuta kilichozidi kile cha mwamba. Asipochota pia mahali pasipofikiwa na maji ya mji wala ya marudio ya dhahabu (mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa), hana cha kulinganisha.

Dhana: Kipimo cha mkononi kikilia, tope ni chafu.
Kifaa hicho huhesabu mionzi tu, hakisemi imetoka kwenye nini. Jibu linatoka maabara, na halina haraka. Tope hukaushwa kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, husagwa, huchekechwa kwa chujio la milimita 2, kisha hufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa kwa wiki nne. Hapo ndipo wengi hukosea. Radiamu-226, itokanayo na urani, hupimwa zaidi kupitia vizazi vyake (vitu inavyogeuka kuwa inapovunjika), kama bismathi-214, na katikati kuna radoni, ambayo ni gesi. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuvunjika, ni siku 3.8, hivyo wiki nne zinatosha kwa radoni na vizazi vyake kulingana na radiamu. Mfuniko ukilegea, gesi inatoroka na radiamu inaonekana pungufu. Kisha sampuli huhesabiwa kwa saa nyingi ndani ya kinga ya madini ya risasi, na hesabu ya chombo kitupu hupunguzwa kutoka hapo.

Sesiamu-137 kidogo ikionekana, msikimbilie kumtafuta mtu aliyeitupa. Majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960 yaliisambaza dunia nzima, na nusu-maisha yake ni miaka 30.

Dhana: Zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu ni mionzi.
Ni sumu, lakini haitoi mionzi, na kigunduzi cha gama (kifaa cha maabara kinachohesabu mionzi) hakiioni. Isitoshe, tope lililokaushwa kwa nyuzi 105 halifai kupimwa zebaki, kwa kuwa sehemu yake huenda imeshapaa. Gawanya sampuli ingali mbichi. Fungu la zebaki likaushwe chini ya nyuzi 40.

Dhana: Maji yakiwa safi, samaki ni salama.
Bakteria kwenye tope lisilo na oksijeni hugeuza zebaki kuwa methili-zebaki, nayo huongezeka kila samaki anapomla mwenzake. Ndiyo maana sangara mkubwa hupimwa peke yake, urefu na uzito wake vikiandikwa, asichanganywe na dagaa. Sumu hiyo hushika protini ya minofu, hivyo kuondoa mafuta au kukaanga hakusaidii. Kosa jingine ni la hesabu: kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo, kinachotumiwa na nchi nyingi, ni cha samaki mbichi. Minofu mibichi ni maji kwa asilimia 80 hivi, kwa hiyo tarakimu ya minofu iliyokaushwa huwa karibu mara tano.

Dhana: Kuchemsha maji huondoa yote.
Huua vijidudu na kufukuza radoni. Urani na radiamu hubaki: lita 5 zikichemka hadi 4, kiasi chake kwa lita hupanda kwa robo.