Kompyuta Mpakato Ikiwaka Usiku na Mchana, Linda Betri na Joto

Katika kitengo chetu cha TEHAMA, swali hili huja mara nyingi, na aghalabu kwa wasiwasi: nikiiacha kompyuta mpakato ikiwaka wiki nzima, si itaungua? Haitaungua, ikiwa ni nzima na imewekwa mahali penye hewa. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kumbukumbu hazina sehemu zinazosuguana, hivyo wingi wa saa peke yake hauzichoshi. Kinachoizeesha mashine ni joto, na betri ndiyo inayoumia mapema.

Wengi huogopa kwamba chaja ikiachwa itaendelea kuijaza betri hadi ipasuke. Betri za leo ni za lithiamu-ayoni, aina iliyoingia sokoni mwaka 1991, na zina saketi inayokata chaji zikishajaa. Baada ya hapo umeme wa chaja huendesha mashine yenyewe. Shida iko kwingine. Betri iliyojaa asilimia 100 inakaa katika mkazo: kwa kawaida kila seli, yaani kila kipande kinachounda betri, hubeba takriban volti 4.2, na kwa kiwango hicho kemikali zake huchakaa polepole hata usipoitumia. Ukiongeza na joto la mashine inayofanya kazi, uchakavu unakwenda mbio. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kuchomoa chaja kwa miaka miwili, akiamini anaitunza betri, siku umeme unapokatika huiona mashine yake ikizima baada ya dakika chache. Inasikitisha, kwa sababu uharibifu huo ungeweza kupunguzwa kwa mpangilio mmoja tu.

Fungua mipangilio ya betri, au programu iliyokuja na kompyuta yako, utafute mahali pa kuweka kikomo cha chaji. Mashine nyingi za siku hizi zinaruhusu kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Kwa kompyuta inayokaa mezani imechomekwa muda wote, hilo ndilo jambo la kwanza ninalomshauri mtu afanye. Siku ya safari, ijaze yote. Na usiiache iishe kabisa kwa makusudi kila mara: ushauri huo ulihusu betri za zamani za nikeli-kadmiamu, na betri ya lithiamu huumizwa nao.

Prosesa hujitetea dhidi ya joto. Nyingi hupunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi mashine hujizima. Betri iliyolala pembeni yake haina pa kukimbilia. Kwa hiyo usiiache kompyuta ikiwaka juu ya godoro, mto au blanketi, kwa sababu matundu ya hewa huwa chini au ubavuni, na kitambaa huyaziba. Vumbi nalo hufanya vivyo hivyo, ila taratibu. Feni ikivuma kwa nguvu wakati hufanyi kazi yoyote, ama kuna programu inayohangaika kichinichini au njia ya hewa imeziba.

Mashine isiyopumzika pia huwa nzito. Baadhi ya programu hushika kumbukumbu bila kuiachia, na masasisho mengi ya usalama hayakamiliki hadi uiwashe upya. Mara moja kwa wiki inatosha. Watumiaji wa Windows wazingatie hili: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi hali ya kiini cha mfumo, yaani sehemu kuu ya Windows, kwenye diski ili ziwake haraka, kwa hiyo hitilafu ya jana inaweza kurudi leo. Chagua kuwasha upya, si kuzima.

Usiku, kama hakuna kazi inayoendelea, iweke katika hali ya usingizi, na ifungwe kwa nywila. Lakini usiitie begini katika hali hiyo. Baadhi ya mashine mpya huamka zenyewe kupokea masasisho, na ndani ya begi joto halina pa kutokea. Kabla ya kuondoka, izime.

Kuna mashine ambayo sikubali iachwe ikiwaka hata usiku mmoja, nayo ni yenye betri iliyovimba. Utaijua kwa sehemu ya kugusa (ile ya kusogezea mshale kwa kidole) iliyoinuka, kifuniko kisichofunga sawasawa, au mashine inayoyumba juu ya meza iliyo sawa. Hiyo ni gesi iliyojikusanya ndani ya seli, na seli ya namna hiyo inaweza kushika moto. Izime, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, kisha ipeleke kwa fundi mwenye ujuzi aitoe betri. Usiitupe na taka za kawaida. Chaja yenye waya uliochubuka, au inayopata joto hadi haishikiki, nayo ichomolewe leo hii.