Je, wajua kwa nini meli iliyochomwa moto Niagara mwaka 1837 bado inatumika kupima nani ana haki ya kupiga kwanza?

Kila vita vikianza utasikia watu wanasema kinga ni bora kuliko tiba, yaani nchi ikishajua adui anajiandaa basi imuwahi, isikae kusubiri mpaka watu wake wafe ndo ijibu. Hoja hiyo sio ya kipuuzi, maana hakuna rais anayetaka kuzika raia wake halafu awaambie wafiwa kwamba alikua anafuata sheria. Ila kuna swali huwa linarukwa. Umejuaje kwamba anakuja, na nani mwingine amekagua hicho unachosema unakijua?

Swali hili limeshabishaniwa sana, na ubishi wenyewe ulianzia mto Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada. Mwaka 1837 Kanada bado iko chini ya Uingereza, waasi wakiongozwa na William Lyon Mackenzie wameshindwa na wamejichimbia kwenye kisiwa cha Navy hapo hapo mtoni, na kuna meli ndogo ya mvuke inaitwa Caroline inawapelekea watu na vifaa kutoka upande wa Marekani. Usiku wa tarehe 29 Desemba Waingereza wakavuka na boti, wakaivamia meli ikiwa imefungwa upande wa Marekani kabisa, wakaitia moto wakaiachia ichukuliwe na maji kuelekea kwenye maporomoko. Mmarekani mmoja, Amos Durfee, aliuawa. Marekani ikaja juu, Uingereza ikasema sisi tulikua tunajihami tu.

Kesi ikaburuzwa miaka. Mwaka 1841 Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akamwandikia mjumbe wa Uingereza Washington barua ambayo wanasheria wanaisoma mpaka leo. Alichosema kwa kifupi ni kwamba mkitaka tuamini mlikua mnajihami, onyesheni kwamba hatari ilikua ya papo hapo, imewaelemea, hamkua na njia nyingine na hamkua hata na muda wa kukaa kufikiri, na hata hayo yote yakiwa kweli bado mlichofanya kisizidi kile kilichohitajika. Mwaka uliofuata Lord Ashburton, mjumbe maalumu wa Uingereza, akatumwa kuja kumaliza mgogoro, na yeye hakukikataa hicho kipimo, alibisha tu kwamba upande wake umekifikia, ila akajutia kwamba maelezo na radhi havikutolewa mapema.

Tofauti iko hapa. Jirani akiwa mlangoni kwako kashanyanyua panga, ukimuwahi hakuna atakayekulaumu. Lakini ukisikia tu jirani kanunua panga, ukaenda kumuua usiku kwake kwa sababu labda mwakani atakugeuka, hapo umeua mtu. Serikali nyingi zinapenda kufanya kitu cha pili halafu zikakiita cha kwanza.

Wajerumani walilijaribu hilo Nuremberg, kwenye mahakama iliyowahukumu viongozi wa Nazi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walijitetea kwamba waliivamia Norway Aprili 1940 ili kuwawahi Waingereza, na kweli Waingereza walikua na mipango yao huko, sio kwamba ilikua stori ya kutunga. Mahakama mwaka 1946 ikachukua maneno yale yale ya Webster, ikaangalia nyaraka za Wajerumani wenyewe, ikakuta hawakuvamia kwa sababu ya kuzuia shambulio lililokua linakuja muda huo. Pia walidai kwamba ni Ujerumani peke yake yenye haki ya kuamua kama ilikua inahitaji kujihami, mahakama ikakataa, ikasema dai la kujihami lazima lichunguzwe na kuamuliwa na wengine. Kwangu mimi hapo ndo penye uzito kuliko yote.

Sasa anayetetea kuwahi ana mfano mzito, na lazima tumsikilize. Juni 5, 1967 ndege za Israel zilipiga viwanja vya ndege vya Misri asubuhi na kumaliza karibu jeshi lote la anga la Misri likiwa chini. Kabla ya hapo Nasser, rais wa Misri, alikua ameshawaondoa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kajaza jeshi Sinai, rasi inayopakana na Israel, na kufunga mlango bahari wa Tiran, njia ya meli za Israel. Halafu Oktoba 6, 1973 ikawa kinyume chake, Misri na Syria zikiwa zinakuja kupiga, mkuu wa majeshi ya Israel David Elazar akaomba apige kwanza, waziri mkuu Golda Meir akakataa kwa kuhofia Marekani haitawasaidia wakionekana ndo walioanza, na vita vile viliua zaidi ya wanajeshi 2,500 wa Israel. Kwa hiyo kusubiri kuna bei, na inalipwa kwa watu. Lakini hata hiyo ya 1967 sio nyeupe kama inavyosimuliwa, kwa sababu Menachem Begin, aliyekua ndani ya serikali ile, alisema mwenyewe mwaka 1982 kwamba majeshi ya Misri kujazana Sinai hakukuthibitisha kwamba Nasser alikua anakuja kweli, sisi ndo tuliamua kumpiga.

Mwaka 2002 rais wa Marekani George W. Bush akalifanya jambo hili sera rasmi ya taifa, kwenye mkakati wa usalama uliotoka Septemba, kwamba Marekani itapiga vitisho hata kabla havijakomaa. Ona kilichofuata. Marekani ilidai Iraq ina silaha za maangamizi, na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wakiongozwa na Hans Blix walikua ndani ya Iraq kuzitafuta, wanafungua maghala, wanaomba wapewe miezi zaidi, na Machi 2003 wakaambiwa watoke mabomu yanakuja. Njia nyingine ilikuwepo na muda wa kufikiri ulikuwepo, kwa hiyo kipimo cha Webster kinaanguka chote. Baadaye kikosi cha Wamarekani wenyewe kilitafuta silaha, na ripoti ya 2004 ya mkuu wake Charles Duelfer ikasema akiba ya silaha za kemikali ilishateketezwa tangu baada ya vita vya 1991. Wairaki waliokufa ni wengi mno na walikufa kwa kitu ambacho hakikuwepo.

Na ujasusi haukosei upande mmoja tu. Oktoba 1962, baada ya kugundulika makombora ya nyuklia ya Wasovieti Cuba, majenerali wa Marekani walitaka kisiwa hicho kipigwe kwa ndege halafu kivamiwe, rais Kennedy akachagua kukizingira kwa meli kwanza. Walidhani Wasovieti kisiwani ni kama 10,000 hivi, kumbe walikua zaidi ya 40,000, na tayari wana silaha ndogo za nyuklia kwa ajili ya vita vya ufukweni, yaani vijana wa Marekani wangeshuka pale wakapigwa nyuklia. Robert McNamara, aliyekua waziri wa ulinzi kipindi kile na alikaa kwenye vikao vyote hivyo, alikuja kuelezwa habari ya hizo silaha ndogo Havana mwaka 1992.